Mpiga Kura ni Nani? Kufundisha Habari za Kura Tatu katika Shule za Msingi za Mkoa wa Mara

Katika mihtasari ya shule za msingi sehemu ihusuyo uchaguzi ni fupi. Mwalimu huandika ubaoni kwamba mpiga kura ni raia aliyetimiza umri wa miaka 18 na kujiandikisha, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Sentensi hiyo haina kosa, kwani ndivyo ilivyoelekezwa na ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Lakini mtoto aliyeinakili hajui kwamba hakuna neno hata moja ndani yake lililopatikana bure. Hajui kwamba palikuwa na wakati katika nchi hii ambapo viti vya Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kwa rangi za watu, na mpiga kura mwenyewe akachujwa kwa fedha aliyopata na kwa darasa alilofikia.

Makala haya yamekusudiwa kwa mwalimu-mwanafunzi anayejiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule za Musoma, Bunda au Butiama, ambaye atakabidhiwa Darasa la V, la VI au la VII, iwe katika somo la Uraia na Maadili au la Historia ya Tanzania na Maadili. Yatampa kwanza maarifa ambayo yeye mwenyewe hana budi kuwa nayo kabla ya kusimama mbele ya darasa, kisha njia moja ya kuyafundisha. Njia hiyo inahitaji mbegu, makopo na karatasi tu.

Maarifa ya mwalimu

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926. Kwa muda wa karibu miaka ishirini halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Mwaka 1955, chini ya Gavana Edward Twining, upande wa Baraza usiokuwa wa maofisa wa serikali ulipangwa upya uwe na wajumbe 30: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Mpango huo uliitwa wa usawa. Mwalimu asiupite haraka, kwa maana hapa pana somo zuri la hesabu. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni nane na nusu, Waasia na Waarabu kwa jumla karibu laki moja, na Wazungu kama elfu ishirini. Mpe mwanafunzi wa Darasa la VI tarakimu hizo, umwambie agawanye kila moja kwa kumi. Ataona kwamba mjumbe mmoja wa Waafrika aliwakilisha watu laki nane na nusu, wa Waasia watu elfu kumi, na wa Wazungu watu elfu mbili. Akigawanya tena laki nane na nusu kwa elfu mbili atapata 425. Hapo hatahitaji kuelezwa zaidi maana ya neno usawa lilivyotumika siku zile.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe hao ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Nchi iligawanywa katika majimbo kumi ya uchaguzi, na kila jimbo likawa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. (Mwalimu atahadhari na neno jimbo. Wakati wa ukoloni lilikuwa pia jina la eneo kubwa la utawala, kama Jimbo la Ziwa ambamo Wilaya ya Musoma ilikuwamo. Mtoto wa leo akisikia jimbo huwaza eneo la mbunge mmoja, na asipoelezwa mapema atachanganyikiwa hadi mwisho wa kipindi.)

Ili aandikishwe, mtu alitakiwa awe na umri wa miaka 21, na pamoja na hayo awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au awe amefika Darasa la VIII, au awe anashika cheo cha namna iliyotajwa katika sheria. Katika masharti hayo matatu rangi ya mtu haikutajwa. Walimu-wanafunzi wengi hukosea hapa, wakasema kwamba Waafrika walikatazwa kupiga kura. Hawakukatazwa, walichujwa, na chujio lenyewe lilikuwa limeshasukwa tangu zamani. Shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilikuwa mbalimbali, na za Waafrika zilizofika Darasa la VIII zilikuwa chache. Mishahara nayo ilifuata rangi.

Ni vema mwalimu ayalete masharti hayo hapa kwetu, mahali ambapo mtoto anapafahamu. Aulize: katika Wilaya ya Musoma ya miaka ile, ambayo ilienea hata sehemu ziitwazo leo Bunda na Butiama, nani angepita katika chujio? Meneja wa mgodi wa dhahabu wa Buhemba angepita. Mmisionari angepita. Mhindi mwenye duka Musoma mjini angepita. Karani wa boma angepita, na mwalimu wa shule ya kati, na mtemi kwa cheo chake. Lakini mkulima wa pamba wa Majita au wa Bunda, ambaye shilingi 3,000 kwa mwaka hakuziota hata katika mwaka wa mvua njema, asingepita. Mvuvi wa mwaloni asingepita, wala mfugaji mwenye ng'ombe wengi ambaye hakusoma wala hakuwa na kipato kilichoandikwa popote. Na mama zao je? Wasichana waliofika Darasa la VIII walihesabika kwa vidole, hivyo sheria ambayo haikumtaja mwanamke ilimwacha nje karibu kabisa. Watoto wakitajiwa watu wa namna hii, mmoja mmoja, hukumbuka. Wakitajiwa «masharti ya kipato na elimu» husahau kabla ya chakula cha mchana.

Tena mwalimu-mwanafunzi ajiangalie mwenyewe katika habari hii. Shule ndiyo iliyokuwa mlango wa sanduku la kura. Mtoto aliyeachwa nje ya darasa mwaka 1945 ndiye mtu mzima aliyeachwa nje ya kituo cha kura mwaka 1958. Mtoto wa Butiama aliyepelekwa Shule ya Mwisenge hapa Musoma mwaka 1934, Julius mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa mmoja katika wengi waliobaki wakichunga.

Tatizo la Tabora

Sharti lililoleta ubishi mkubwa kuliko yote lilikuwa la kura tatu. Mpiga kura hakuruhusiwa kumchagua Mwafrika peke yake, au Mwasia peke yake. Alilazimika kupiga kura tatu, moja kwa kila kiti cha rangi; asipozitimiza, kura yake iliharibika. Wanachama wengi wa TANU waliona ni tusi na mtego. Kwa nini Mwafrika alazimishwe kumchagua Mzungu ndipo kura yake kwa Mwafrika mwenzake ihesabiwe? Katika mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 wajumbe wengi walifika wakitaka chama kisusie uchaguzi. Nyerere alisimama upande wa kushiriki, na baada ya mjadala mrefu mkutano ukakubali. Uamuzi huo hujulikana hata leo kwa jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa akaunda chama chake cha African National Congress, kilichotaka Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao.

Vitabu vingi vya wanafunzi huishia hapo: palikuwa na busara, tukashinda. Mtoto mwerevu atauliza busara hiyo ilikuwa wapi, na mwalimu asiyejua jibu ataishia kusifu badala ya kufundisha. Jibu limo katika hesabu ya wapiga kura. Wajumbe waligawanywa kwa rangi, lakini wapiga kura waliandikwa katika daftari moja na kupiga kura pamoja. Kwa hiyo Mzungu aliyetaka kiti cha Wazungu hakuweza kukipata kwa kura za Wazungu wenzake. Walikuwa wachache mno. Alilazimika kwenda kuwaomba Waafrika. Mwasia vivyo hivyo. Na Waafrika, ingawa wengi wao walikuwa wamechujwa, walibaki wengi vya kutosha kuamua viti vyote vitatu, mradi wapige kura kwa umoja. TANU wakati huo haikuwa na wanachama wasio Waafrika, ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo. Sophia Mustafa alichaguliwa kwa namna hiyo katika Jimbo la Kaskazini, na Lady Chesham katika Nyanda za Juu za Kusini. Wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walichukua karibu viti vyote, na chama cha UTP, kilichokuwa kimepata kibali cha Gavana Twining, kikafa.

Linganisha na Kenya. Huko, mwaka 1957, Waafrika walichagua wajumbe wanane katika daftari lao wenyewe, mbali na Wazungu na Waasia. Huko Mzungu hakuhitaji kura ya Mwafrika, hivyo hakuwa na sababu ya kumwendea. Naona katika kufundisha tofauti hii ina thamani kuliko orodha nzima ya tarehe: sheria iliyotungwa ili kuwatenga watu, kwa sababu iliwaacha katika daftari moja, iliwalazimisha kusemezana.

Kuna jambo jingine la Septemba 1958 ambalo mwalimu wa Mara asiliache. Nyerere hakugombea kwao. Aligombea Jimbo la Mashariki, ambamo mna Uluguru, dhidi ya Chifu Patrick Kunambi, ambaye ni Mluguru. Wazanaki ni kabila dogo hata ndani ya mkoa wetu. Na kule Morogoro, kama kura zingepigwa kwa kabila, Mzanaki asingepata kitu. Alishinda.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 kura tatu hazikuwapo tena. Viti vilikuwa 71: 50 vya watu wote, 11 vilivyotengewa Waasia na 10 Wazungu, na aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kuandikishwa, hata kama hakuwa na fedha. TANU ilipata viti vyote isipokuwa kimoja cha Mbulu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Baraza lilijadili sheria ya uraia. Baadhi ya wajumbe walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere alipinga kwa ukali, akasema kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, Mtemvu alisimama dhidi yake akapata kura zaidi kidogo ya elfu 21. Nyerere alipata zaidi ya milioni moja na laki moja. Na katika uchaguzi wa 1965, uliokuwa wa chama kimoja na wagombea wawili wenye alama za jembe na nyumba, mgombea alikatazwa kuomba kura kwa kutaja kabila, dini au rangi, na alitakiwa kuhutubia kwa Kiswahili.

Hali ilivyo sasa

Katiba ya 1977 yamtambua mpiga kura kwa uraia na umri. Bunge laweza kuweka sheria ya kumzuia mtu kwa sababu chache, kama vile kuwa na uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kuhukumiwa kwa makosa fulani ya jinai, au kushindwa kuthibitisha umri na uraia wake. Rangi, kabila na dini hazimo. Ibara ya 20 inakataza hata kuandikishwa kwa chama cha siasa cha kabila moja au dini moja. Karibu nusu ya Watanzania hawajafika miaka 18, kwa hiyo mgawanyo mkubwa kuliko yote kati ya wanaopiga kura na wasiopiga ni ule ambao wanafunzi wako wote wako upande mmoja.

Basi mtu akiuliza, miongoni mwa wapiga kura wa Mkoa wa Mara Wajita ni wangapi, Wakurya wangapi, Wazanaki, Waikizu, Waluo, Wakwaya, Waruri, Wangoreme, Waikoma, Wasukuma na Wahindi ni wangapi, jibu ni kwamba tarakimu hizo hazipo. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Tangu ile ya 1978 swali hilo liliachwa. Sensa ya 2022 ilihesabu katika Mkoa wa Mara watu 2,372,015, na haikumwuliza hata mmoja wao kabila lake.

Mwalimu-mwanafunzi asidhani kwamba nchi zote hufanya hivyo. Jirani zetu wa Kenya huhesabu makabila katika sensa na kutangaza tarakimu, kama walivyofanya mwaka 2019. Marekani huhesabu raia waliofikia umri wa kupiga kura kwa rangi na asili zao, na wana sababu: baada ya sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965, tarakimu hizo ndizo zinazoonyesha kama mahali fulani Weusi wananyimwa nafasi yao. Burundi, kwa Katiba ya 2005, iligawa viti vya Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na asilimia 40 kwa Watutsi, ili upande mmoja usiumeze mwingine baada ya vita. Rwanda iliandika kabila katika vitambulisho tangu miaka ya 1930. Mwaka 1994, vizuizini barabarani, kitambulisho hicho kilikuwa hukumu ya kifo kwa Mtutsi aliyekitoa mfukoni, na baada ya hapo kabila likaondolewa.

Kwa hiyo si haki kusema kwamba kuhesabu ni kuovu siku zote. Nchi isiyohesabu huenda pia isione. Kabila dogo likiachwa nyuma kwetu, hatuna safu ya tarakimu ya kulionyesha. Nionavyo mimi, kuhesabu kuna maana pale ambapo dawa imeandaliwa. Twahesabu wanawake kwa sababu Katiba imeweka kwamba wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30. Hesabu inafuatwa na tendo. Kuhesabu makabila ya wapiga kura pasipo tendo la haki linalofuata ni kumpa mgombea mvivu silaha tu. Na mgawanyo wa namna hiyo ukishaanza hauna mahali pa kukomea. Wenzetu wa Tarime wanajua vema jinsi unavyoteremka kutoka kabila hadi koo.

Kosa la kuepuka darasani

Katika kuzungukia mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya wilaya hizi, nilimshuhudia mwalimu-mwanafunzi mwenye bidii nyingi. Aliandaa vifaa, sauti yake ilisikika hadi dirisha la mwisho. Alipofika kwenye wapiga kura wa mkoa wetu akasema: «Wajita wote wasimame.» Akawahesabu, akaandika ubaoni. «Waluo wasimame.» Akawahesabu. Darasa lilianza kucheka kila kundi liliposimama, kicheko ambacho mwanzoni kilikuwa cha furaha. Kundi la tatu walikuwa wawili tu, na kicheko kikabadilika. Kisha msichana mmoja akauliza: «Mwalimu, mama ni Mjita, baba ni Mluo. Mimi nisimame mara ngapi?» Mwalimu akamwambia achague moja. Msichana hakusimama popote, na hadi kipindi kilipokwisha hakuinua mkono tena.

Ubao ulijaa tarakimu, na hakuna hata moja iliyohusu wapiga kura, kwa maana hakuna mtoto mle darasani aliyekuwa na haki ya kupiga kura. Tena, katika mkoa wenye ndoa za kuchanganyika na wahamiaji wengi kama wetu, tarakimu zenyewe zisingekuwa za kweli. Kilichobaki ni watoto wawili waliochekwa na mmoja aliyenyamaza. Ndugu mwalimu, usifanye hivyo. Usiwasimamishe watoto kwa kabila, kwa dini wala kwa rangi, hata kama nia yako ni kuwaonyesha uzuri wa umoja.

Mchezo wa mbegu

Badala yake, tumia mbegu. Tuchukue darasa la wanafunzi 60 (ukipewa 110, kama ilivyo katika shule nyingi, wengine wawe wasimamizi na wahesabu kura). Weka katika mfuko punje 42 za mahindi, 12 za maharage na 6 za kunde. Kila mtoto achovye mkono bila kutazama, atoe mbegu moja. Hivyo ndivyo atakavyoitwa kwa kipindi hicho. Umuhimu wa kura hii ya bahati ni mkubwa: mtoto ataonja kuwa katika kundi kubwa au dogo, pasipo kundi hilo kuwa la nyumbani kwao.

Duru ya kwanza ni ya daftari mbalimbali. Mahindi wachague mwakilishi wao, maharage wao, na kunde wao. Wawakilishi watatu wakae mbele. Uliza: mwakilishi wa mahindi amesimama badala ya wangapi? Wa kunde je? Watoto watakuta kwamba kunde mmoja ana uzito wa mahindi saba. Waache walalamike kidogo. Malalamiko hayo ndiyo somo.

Duru ya pili ni ya kura tatu. Darasa liwe na pande mbili, wa Jua na wa Mwezi, na kila upande usimamishe mgombea mmoja wa mahindi, mmoja wa maharage na mmoja wa kunde. Kila mpiga kura apewe vipande vitatu vya karatasi na avitumbukize katika makopo matatu, kimoja kila kopo. Atakayeacha kopo moja, kura zake zote ziharibike. Kabla ya kupiga kura, wape mahindi dakika tano wajadiliane faraghani: wasusie, au waende? Hii ndiyo Tabora yao. Usiwaongoze. Wakiamua kususia, acha wasusie, kisha hesabu kura 18 zilizobaki na waone nani amechukua viti vyote. Wakiamua kwenda kwa umoja, kura zao 42 kati ya 60 zitaamua makopo yote matatu, na mgombea wa kunde atakuwa ameshagundua kwamba kunde wenzake watano hawamtoshi. Nimeona watoto wa Darasa la VI wakianza wenyewe kwenda kuomba kura katika kundi jingine kabla mwalimu hajawaambia.

Duru ya tatu ni fupi. Mbegu zote zirudishwe katika sufuria moja, kila mtu apewe karatasi moja, kopo liwe moja. Baada ya kuhesabu, mwulize msimamizi kura za kunde zilikuwa ngapi. Hataweza kujibu. (Mbegu zenyewe zisitupwe, zimeshakuwa makande, na jikoni watashukuru.)

Mchezo wote wahitaji vipindi viwili. Ukilazimishwa kuutia katika kimoja, acha duru ya kwanza, usiiache ya pili.

Maswali yatakayoulizwa

Baada ya mchezo watoto huuliza, na mwalimu ajiandae. Mtoto wa Rorya au Tarime anayesoma Musoma huenda akasema kwamba ana ndugu ng'ambo ya Sirari, Waluo au Wakurya kama yeye, na atataka kujua kama nao huchagua mbunge wetu. Hapana, wao ni raia wa Kenya na huchagua kwao, ingawa ni kabila moja na huzikana. Hapa ndipo mahali bora kuliko pote pa kuonyesha kwamba uraia na kabila ni vitu viwili. Wako watakaouliza juu ya uchaguzi wa kijiji na mtaa. Waambie kwamba huo una orodha yake ya wakazi, tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura.

Swali la Mhindi wa dukani halikosi kuulizwa. Jibu ni fupi: akiwa raia aliyejiandikisha, kura yake ni moja kama ya mvuvi. Na wakikuuliza kama watu wa rangi nyingine waliwahi kuchaguliwa na Waafrika baada ya viti vya kutengwa kuondolewa, wataje wawili wa uchaguzi wa 1965: Derek Bryceson, Mzungu, aliyechaguliwa Dar es Salaam, na Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, aliyechaguliwa Morogoro. Kisha waulize wao: katika mchezo wetu, Bryceson angekuwa mbegu gani, na kura zake zilitoka katika kopo lipi?